Mandazi Matatu kwa Wageni

Laurentine hakuwataka wale watu, na hakuona sababu ya kujifanya anawataka. Tangu binti yake Gloire alipomtajia jina la Suman, kijana wa Kinepali aliyeendesha forklift, gari la kuinulia mizigo, katika ghala moja kule Okolona, mama mtu alikuwa ameweka kinyongo. Kanisani walipomuuliza kama ni kweli mtoto ana mchumba, alijibu kwamba mtoto ana homa, itapita.

Haikupita. Suman alipata kazi Buffalo, anakoishi baba yake mkubwa, na Gloire akasema atamfuata. Buffalo! Mji ambao Laurentine aliujua kwa kitu kimoja tu, theluji inayofika madirishani. Na Gloire ndiye mtoto pekee aliyembakia. Cubaka, baba yake, alizikwa kambini Uganda, na wadogo zake Gloire hawakufika hata hapo kambini. Laurentine alifika Louisville na mtoto mmoja mkononi, akasafisha vyoo vya watu, akakunja mashuka ya watu, akamsomesha. Leo mtoto huyohuyo aende kuolewa na watu wanaoabudu kwa hesabu! Hapana. Alikataa kabisa, na alikataa kwa sauti.

“Wanaoabudu kwa hesabu” ndivyo alivyokuwa akiwaita, na kosa lilikuwa la Gloire mwenyewe. Binti alidhani akimweleza mama yake desturi za ukweni, woga utampungua. Basi kila jioni wakiosha vyombo alimweleza. Bibi yake Suman, ambaye wote humwita Boju, ana tasbihi ya shanga mia na nane, na hiyo si namba ya bure: nyota zina nyumba kumi na mbili, sayari ni tisa, ukizidisha unapata mia na nane, kwa hiyo bibi akimaliza tasbihi yake amezunguka mbingu nzima bila kunyanyuka kitini. Siku ya arusi bwana na bibi hupiga hatua saba mbele ya moto, kila hatua na ahadi yake. Na zawadi za posa huletwa kwa namba witiri, saba au tisa au kumi na moja, kwa sababu namba shufwa hukatika katikati kila upande ukaenda zake, lakini witiri hubakiwa na moja kati, nayo ndiyo inayoshika pande zote mbili.

“Na ile moja yenye inabakia katikati, njo ya nani?” Laurentine aliuliza. “Ya shetani, ama?”

“Mom, please.”

“Hapana please. Miye nilibatizwa. Sihesabake nyota.”

Ni maneno makavu, lakini Gloire hakuwa mtoto wa kumtupa mama. Jumapili moja baada ya misa alimshika mikono, akamwambia kitu ambacho Laurentine hakukisahau.

“Mama, siendi bila baraka yako. Bakuje hapa kwetu, baikale, bakule, ubaone. Kama batatuzarau, kama bataonyesha roho mubaya, minabakia na weye. Minakuapia.”

Laurentine alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Hakuhitaji tena kukataa. Alichohitaji ni wale watu waondoke nyumbani kwake kwa hasira, wao wenyewe, kwa miguu yao wenyewe, na mtoto angebaki.

Kuni za moto huo hazikukosekana. Polycarpe, kaka wa marehemu Cubaka na mkubwa wa ukoo, alikuwa akiishi Columbus katika nyumba za kupanga ambazo nusu yake ni Wanepali. Aligombana nao juu ya maegesho ya gari, juu ya harufu ya viungo kwenye ngazi, juu ya kikengele wanachopiga alfajiri mbele ya miungu yao. Wazazi wa Suman waliishi mtaa wa pili tu kutoka kwake. Siku Gloire alipompeleka mama yake kuwasalimu, Laurentine alikaa ndani ya gari milango imefungwa, akasema kichwa kinamuuma, hadi wakarudi zao Louisville. Kwa hiyo chuki haikuwa ya upande mmoja. Baba yake Suman, bwana Khem, aliliona gari lile kupitia dirishani, akamwona mama aliyekataa kushuka.

Wiki ya ugeni ilipokaribia, ukaja ujumbe kutoka huko. Boju atasafirishwa kutoka Buffalo ili awepo, lakini yeye ni wa ukoo wa makuhani: hali nyama, wala hali wali uliopikwa nyumba ya wengine. Kitu kilichokaangwa kwenye mafuta anaweza kula. Polycarpe alipiga simu akifoka hadi Laurentine akaitenga na sikio.

“Donc muchele yetu iko na uchafu? Batu balitoka ku kambi sawa siye, balikula muchele ya musaada ya HCR sawa siye, leo njo banatuchagulia sahani?”

“Njo vile biko, shemeji,” alijibu Laurentine, na roho yake ikafurahi.

Kitu kilichokaangwa kwenye mafuta. Maneno hayo yalimkumbusha jambo la kazini.

Laurentine alifanya kazi Shively, katika kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mwenzake upande wa pili wa shuka alikuwa Devi Maya, mama wa Kinepali mwenye kipini puani, na mtu unayeshika naye nguo moja kutwa nzima ni kazi kumchukia hata ukijitahidi. Walikuwa wakila pamoja. Mara moja Laurentine alimwekea kwenye kitambaa cha karatasi mandazi yake, yale ya duara ya Bukavu, matatu. Devi Maya aliurudisha mkono kama aliyegusa pasi ya moto. Kisha akacheka, akatoa moja, akamrudishia, na kwa Kiingereza chake cha kuungaunga na vidole vyake akaeleza. Mbili, sawa. Nne, sawa. Tatu za duara kwenye sahani, hapana. Mtu akifa, mwanawe humfinyangia mabonge ya wali matatu: la baba, la babu, la baba wa babu. Tatu kwenye sahani ni chakula cha wafu. Na kuna wasemao, aliongeza akishusha sauti, kwamba tatu ni kitu unachompa adui yako.

“Si muko na miungu tatu?” Laurentine alimuuliza, maana Gloire alishamweleza hayo pia.

Devi Maya alikubali. Yuko anayeumba, yuko anayetunza, yuko anayevunja. Hekaluni tatu ni kubwa sana. Lakini sahani ya mtu aliye hai si hekalu.

Siku ile Laurentine alicheka hadi machozi. Sasa, baada ya simu ya Polycarpe, hakucheka. Alikwenda dukani akanunua unga na chupa kubwa ya mafuta. Wangeiona sahani, wangesimama, wangetukana, wangeondoka, na yeye angekaa hapo na uso wa mtu asiyejua lolote. Nani angemlaumu Mkristo kwa kupakua tatu?

Walikuja Jumamosi mchana, kwa gari moja: Boju, Khem, Suman, na baba mkubwa wa Buffalo aliyeshika usukani. Watu hao hawasafiri wakiwa watatu. Mama yake Suman hakuja. Khem alisema anaumwa, na alilisema kwa namna ya mtu asiyejali kama ataaminiwa. Alikuwa mwembamba, kofia ya kitambaa kichwani, na kabla ya kukaa alilifuta kochi kwa kiganja. Laurentine aliona. Kochi lile alilisugua asubuhi ile kwa mikono yake.

Waliingiza sinia tisa zilizofunikwa vitambaa vyekundu. Matunda, peremende, bangili, sari, mikate ya pete ya unga wa mchele. Meza haikutosha, wakazipanga sakafuni, zikajaza sebule nzima, mtu hana pa kuweka mguu. Polycarpe, aliyekwishajimwaga kwenye kiti kikubwa, akazihesabu kwa kidole, makusudi, sinia kwa sinia.

“Tisa. Bon. Ile ya kumi ilianguka mu njia?”

Gloire alitafsiri kwa Kiingereza huku macho yake yakiomba radhi, Suman akatafsiri kwa Kinepali. Khem akajibu bila kutabasamu kwamba kumi ni namba iliyofungwa, na mtu haji kuposa na mlango uliofungwa. Halafu akaongeza kitu. Suman akafungua kinywa, akalimeza neno, akakataa kukitafsiri.

“Amesema nini?” Polycarpe akauliza.

“Nothing, Papa Polycarpe.”

“Nothing inakuwaka murefu vile?”

Boju peke yake hakuwa na haraka na ugomvi. Alikuwa mdogo wa umbo, miguu haifiki chini, mkono wa kulia ndani ya kifuko cha kitambaa, na shanga zikisikika humo zikipita moja moja. Aliuliza mama mwenye nyumba ana watoto wangapi.

“Uko naye hapo,” Laurentine alisema, akimwonyesha Gloire kwa kidevu. “Ule munataka kubeba.”

Hilo nalo Gloire hakulitafsiri lote. Laurentine akainuka kwenda jikoni.

Alizipanga sahani saba kwenye meza ya jikoni. Alikwishaamua kwamba wote watakula sawa, wageni na wenyeji, maana ukipakua tatu kwa wageni peke yao unajiumbua. Mandazi yalikuwa ya moto, ya duara, yamekaa vizuri. Matatu kwa Boju. Matatu kwa Khem, na hapo aliyaweka kwa nguvu kidogo. Matatu kwa yule wa Buffalo. Matatu kwa Suman, mwizi mkuu. Matatu kwa Polycarpe, matatu yake mwenyewe. Hakuyaamini mambo yale, angeyala na kulala usingizi. Akaifikia sahani ya Gloire. Aliweka moja, akaweka la pili, akachukua la tatu kwa kijiko, na mkono ukabaki hewani.

Alijiambia Gloire hali sana. Alijiambia mtoto anapunguza mafuta siku hizi, amesema mwenyewe. Akalirudisha lile la tatu kwenye bakuli, akajifuta mikono, akabeba sahani pamoja na bakuli.

Sebuleni alizigawa sahani moja baada ya nyingine, na akasimama pale akingoja. Hakungoja sana. Shanga za Boju zilinyamaza. Bibi aliitazama sahani iliyokuwa magotini pake, na uso wake ukawa wa mtu aliyeitwa kutoka mbali. Mume wake alikuwa amekufa Buffalo mwaka juzi. Mabonge ya wali yake yalifinyangwa mbele ya macho yake. Khem alisimama. Sahani yake aliiweka sakafuni katikati ya sinia, akaanza kusema kwa sauti ya juu, akinyoosha kidole kwenye mandazi, kwa Laurentine, kwenye mlango. Yule wa Buffalo naye akasimama akitafuta funguo mfukoni. Suman alikuwa akiwashika wote wawili mikono.

“Iko nini tena?” Polycarpe alinguruma. “Mandazi nayo inabashinda?”

Laurentine aliusikia moyo wake ukigonga kwa furaha. Waende. Waende na kofia zao. Lakini ilibidi aseme kitu, na alikuwa nacho tayari tangu juzi. Alifungua mikono yake, akaufanya uso kuwa wa kondoo.

“Kwani nimekosa nini? Siye ku kwetu tatu njo baraka. Baba, Mwana, na Roho Mutakatifu. Nilibapakulia baraka.”

Gloire aliyatafsiri haraka, akishukuru hata kabla hajamaliza, maana yeye alijua tatu ni nini kwa watu hawa na alikuwa amepauka. Suman akayapeleka kwa Kinepali. Khem alicheka kwa dharau. Lakini Boju aliinua mkono, na watu wazima wote wawili wakanyamaza. Aliongea taratibu, na maneno yakaja hadi kwa Laurentine kupitia vinywa viwili.

“Anasema, huyu mama ana Mungu watatu na sisi tuna watatu,” Gloire alisema. “Anasema huyu mama hakujua, na asiyejua hana kosa. Anasema papa yake Suman akae.”

Kisha Boju alichukua andazi moja, akalikata vipande viwili. Vipande vikawa vinne kwenye sahani yake. Akala kimoja, akatikisa kichwa, akamsifu mpishi. Khem alimwangalia mama yake akitafuna, akakaa, akalikata lake kwa vidole vikali. Yule wa Buffalo akafanya hivyohivyo. Suman akacheka kwa kuchoka, akamgusa Gloire begani.

Laurentine alisimama katikati ya chumba na mpango wake umekufa mikononi. Alimchukia yule kikongwe kuliko alivyowahi kumchukia Khem. Khem alikuwa amempa alichotaka. Huyu alikuwa amemsamehe, na msamaha ule ungempeleka mtoto wake Buffalo.

Polycarpe ndiye aliyeanza kufurahi. Kwa maoni yake, Utatu Mtakatifu ulikuwa umewapiga Wanepali mchana kweupe.

“Njo vile! Tatu njo baraka!” Akaangaza sahani za watu kama padri anayekagua, akafika kwa Gloire. “Eeh, Laurentine! Mbona mutoto uko na mbili? Njo anaolewa, na baraka yake inapungua?” Akainama kwenye bakuli, akachukua andazi, akalipeleka kwenye sahani ya Gloire.

“Hapana!”

Laurentine hakujua kama ni yeye aliyepiga kelele. Alikuwa ameruka sinia mbili, ameupiga mkono wa shemeji yake, andazi likaviringika zuliani. “Hapana! Usimupe ile! Haiko yake ile!”

Neno hilo halikuhitaji mtafsiri. Khem hakusimama tena wala kufoka; alimtazama Laurentine tu, kama mtu aliyesadikishwa jambo alilolijua tangu siku ya gari lile. Suman alimwachia Gloire bega.

“Ulijua,” Gloire alisema.

“Gloire, mutoto yangu, sikiliza...”

“Ulijua, Mama. Ulibapatia batu yote, ata weye mwenyewe. Miye njo ulinitosha pembeni.”

“Devi Maya alisema tu vile mu kazi, siye hatuaminiake ile bintu...”

“Kama hauaminiake, mbona uliruka?”

Laurentine alikuwa na jibu, lakini lilikuwa jibu la mama, na hapakuwa na mahali pa kuliweka. Gloire aliinama akaliokota lile andazi zuliani. Alilipuliza, akaliweka kwenye sahani yake juu ya yale mawili.

“Weka chini. Minakuomba. Gloire! Usikule!”

Gloire alikula. Alikula la kwanza, la pili, na lile la zulia, polepole, bila chai, na watu wote wakimngoja. Hakulia. Alipomaliza alijifuta midomo kwa nyuma ya mkono.

“Nilikuapia, kama batatuzarau, minabakia na weye,” alisema. “Nani alizarau hapa?”

Polycarpe, ambaye hadi hapo hakuelewa andazi limekosa nini, aliiweka sahani yake chini.

Wageni walitoka. Khem alitaka kuzibeba sinia, Boju akamkatalia kwa neno moja: kilicholetwa kimeletwa. Gloire aliingia chumbani akatoka na koti na mkoba, bila hata sanduku, na akapita kati ya sinia tisa bila kuigusa hata moja.

Laurentine aliwakuta kwenye maegesho, kandambili miguuni katika baridi ya Machi. Gari lilikuwa limeshawashwa. Gloire alikaa nyuma karibu na bibi, na alipomwona mama yake anakuja alishusha kioo. Alikuwa anangoja, maana aliyesema hatakwenda bila baraka alikuwa bado ni yeye.

Laurentine alielewa. Aliinua mkono wa kulia, kama alivyomwinulia kila asubuhi ya shule, kila siku ya kwanza ya kila kazi.

“Kwa jina la Baba,” alisema. “Na la Mwana...”

Ulimi ukamkwama hapo, kwenye jina la tatu. Alijaribu tena tangu mwanzo, akafika palepale, na mkono ukabaki juu. Boju alimtazama Gloire, Gloire akamtazama mama yake muda mrefu, kisha akapandisha kioo. Baba mkubwa akarudisha gari nyuma, akakata usukani, wakaingia barabarani.